Filta Iliyogoma

Wiki iliyopita niliingia kwenye duka la spea pale Ruangwa, karibu na stendi, nikaomba spana ya kufungulia filta ya oili. Muuzaji, kijana mwenye jezi ya mpira na simu sikioni, akaniuliza bila hata kunitazama, "Ya kikombe, ya mkanda au ya mnyororo, dada?" Swali la kawaida kabisa, kila mwenye gari ameshaulizwa. Mimi likanishinda. Nilisimama pale nimeshika kaunta, machozi yananilenga, mpaka kijana akakata simu na kuniuliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, nimekumbuka kitu. Akanisogezea kiti cha plastiki na chupa ya maji, akaendelea kuhudumia wateja wengine.

Baba alikuwa na pikapu ya buluu, buluu iliyopaushwa na jua hadi hujui uiite rangi gani. Tulikaa Nachingwea mjini. Msimu wa ufuta alibeba ufuta, msimu wa korosho alibeba korosho, na katikati ya misimu alibeba chochote kilicholetwa: mabati, mbuzi, maharusi, majeneza. Sisi tulikula kwa pikapu ile, na sisemi hivyo kwa kupamba maneno. Ikilala gereji siku tatu, siku ya nne mama alikuwa anapima unga kwa jicho kali.

Gereji yenyewe ilikuwa ya Fundi Komba, mabati sita juu ya nguzo zilizopakwa oili chafu ili mchwa wasizile. Komba alikuwa Mngoni, alikuja kutoka Songea akiwa kijana na sanduku la spana, akaoa huku, akabaki. Baba alikuwa Mmwera wa Chinongwe. Wangoni na Wamwera ni watani tangu enzi za vita vya mababu, na mtani kwetu ana ruhusa ambayo ndugu wa damu hana. Anakutukana mbele za watu na hukasiriki. Anachukua kuku wako na humdai. Hata ukifa, yeye ndiye anayekuja kufanya vituko msibani wakati wengine wanalia, na hakuna wa kumkemea.

"Umefika, Mmwera?" Komba alikuwa akisema kila tukiingia gereji. "Nilidhani bado unakimbia. Babu yako alipoziona ngao za babu yangu alikimbia hadi akamsahau mkewe."

"Hakumsahau," Baba alijibu. "Alimwacha awapikie. Mlikuja na mikuki mitupu, hamna hata sufuria."

Nilipokuwa mdogo sana niliamini wanachukiana kweli. Siku moja nilimrushia Komba kigae cha chungu kwa kumtetea Baba, kikampata gotini. Wote wawili walicheka mpaka wakakaa chini, nami nikabaki nimesimama na hasira zangu, sijui pa kuzipeleka. Ilinichukua muda kuelewa kwamba kutukanana kule ndiko kulikuwa kupendana kwao.

Filta ya oili ya pikapu ile ilikaa pabaya, ndani kabisa kati ya injini na chesisi. Mkono wa Komba ulikuwa mnene, haukupita bila kufungua vitu vingine viwili. Nilipofika miaka tisa, Komba aligundua kwamba mkono wangu unapita. Tangu hapo, oili ikibadilishwa, aliniita, "Njoo, Somoe, spana yangu ya nyama." Nililala juu ya gunia chini ya gari, yeye amelala pembeni yangu akinifundisha kwa sauti ya chini, tofauti kabisa na ile aliyotumia kwa Baba. Filta mpya inapakwa oili kidogo kwenye mpira wake, kwa kidole. Kisha inazungushwa kwa mkono, mpira ukishagusa unaongeza robo tatu ya mzunguko, unaacha. Spana ni ya kufungulia tu, haikazi filta hata siku moja. Nilijivuna nayo kazi ile kuliko jambo lolote nililofanya shuleni.

Sasa hapa ndipo akili yangu ya miaka tisa ilipofanya kazi zaidi ya ilivyotakiwa. Wiki moja kabla ya kubadilisha oili, nilimsikia Baba akimsimulia mama habari ya lori lililokufa injini kwenye barabara ya Ruangwa. Filta ililegea, oili ikamwagika yote njiani, dereva hakujua. Habari ile iliniingia vibaya. Nilimwona Baba peke yake porini, gari limekufa, na nilijua nani alifunga filta. Nikawaza tena maneno ya Komba: pakaa oili. Mbona mafuta yanatelezesha? Chupa ya mafuta ya kula nyumbani ilikuwa haikai mfuniko, kila ukiufunga unajizungusha wenyewe kwa utelezi. Nikaona fundi kakosea, na kwa kuwa ni mtu mzima haambiliki.

Dawa niliijua. Bibi, mama yake Baba, alikuwa akikaanga korosho kule Chinongwe kwenye bati la matundu, na mafuta meusi ya maganda aliyakinga kwenye kopo. Mafuta yale ni makali, yakikugusa ngozi inababuka, na kila mtoto wa huku ana kovu lake. Lakini bibi aliyapaka kwenye jicho la jembe kabla ya kutia mpini, akaupitisha motoni kidogo, na mpini ule haukucheza tena. Alitupatia chupa ndogo ya dawa ya kikohozi imejaa mafuta hayo, ilikaa nyuma ya mlango wa stoo. "Haya yanashika," alikuwa akisema. Mimi nilitaka kitu kinachoshika.

Siku ya kubadilisha oili nilikwenda gereji na chupa ile mfukoni mwa gauni, na unyoya wa kuku. Komba alipoinuka kwenda kuchukua tambara, nilipaka mpira wa filta pande zote kwa unyoya, nikafunga kwa mkono, robo tatu, nikaacha. Tone moja liliniangukia kwenye dole gumba. Nilimwambia mama nimeungua na chai. Baba aliondoka na pikapu yake akipiga honi, na kwa mara ya kwanza wiki ile nililala vizuri.

Miezi ikapita, oili ikafika wakati wa kubadilishwa tena, korosho ziko mlangoni. Niliingia chini ya gari, nikashika filta, nikazungusha. Haikusogea. Nikaizungushia tambara, nikatia na msasa ili mkono usiteleze, wapi. Komba akafungua vile vitu viwili akaingiza mkono wake mwenyewe, akakaza meno, wapi. Akavua mkanda wa suruali yake na kuuzungusha kwenye filta na kipande cha bomba, mkanda ukakatika. Akaleta mnyororo wa baiskeli, ukateleza na kuibonyeza filta ubavuni na kwenye kingo za kichwa. Mwisho akachukua nyundo na bisibisi kubwa.

"Natoboa," akasema. "Naichoma hapa mpaka kule, naizungusha kwa bisibisi."

"Hutoboi," Baba akasema. "Ikichanika isizunguke, gari litalala hapa mpaka korosho ziishe. Ikiwa nzima bado naweza kuendesha." Akachutama akaitazama filta muda mrefu. "Hii imekazwa kwa spana. Mtoto hana nguvu hizi. Ulirudi nyuma yake ukakaza, Komba. Hukumwamini."

"Sijaigusa."

"Basi imejikaza yenyewe."

"Mmwera, nakwambia sijaigusa. Kama ningekosea ningesema nimekosea."

Nilikuwa nimelala chini ya gari nawasikia juu yangu. Nilibonyeza dole gumba kwenye gunia. Hata wakati huo nilikuwa sijaelewa sawasawa nilichofanya, ila nilijua kwamba Komba anasema kweli na mimi ndiye ninayejua.

Baba akainuka, akasema kwa upole, "Hapana neno, Bwana Komba. Asante kwa kazi."

Nilipumua. Bwana Komba, asante. Nikadhani yamekwisha, tena yamekwisha vizuri. Kwa wiki nzima niliamini hivyo, maana Baba na Komba walikuwa na adabu ya ajabu. Wakikutana njiani, "Habari za nyumbani, Bwana Komba?" "Nzuri, Mzee, namshukuru Mungu." Siku moja Komba alikuja nyumbani kumletea mama viazi vitamu. Baba akainuka kumpa kiti, akamuuliza hali ya watoto mmoja mmoja, akamwambia karibu chai. Komba alikaa ukingoni mwa kiti, akanywa nusu kikombe, akaaga. Alipopita kwangu hakuniita spana ya nyama. Alisema tu, "Hujambo, mwanangu," akaondoka.

"Siku hizi wana adabu," nikamwambia mama.

Mama alikuwa anamenya vile viazi. Hakunitazama. "Wamegombana, Somoe. Huoni hawataniani? Baba yako kamwita mwenzake bwana ndani ya nyumba hii. Miaka yote hii sijamsikia kumwita bwana." Akatupa ganda. "Ningeona afadhali wapigane."

Kosa lilikuwa langu, si la Komba. Nilifikiri kusema, nikafikiri nitaanzaje, nikaona nitaanza kesho. Kesho hiyo niliisogeza siku baada ya siku.

Jumamosi moja Baba alinipakia kwenye pikapu, tukaenda Ruangwa kutafuta spana ya filta. Nachingwea mafundi wengine walikuwa wameshajaribu na kushindwa, na kwa Komba hakutaka kurudi. Aliendesha taratibu, akisikiliza injini, oili ya zamani ikiwa nyeusi ndani yake. Pale Ruangwa muuzaji wa spea alituletea spana za kikombe, zile zinazovikwa kichwani mwa filta kama kofia. Ya kwanza ilikuwa kubwa, ya pili haikuingia, ya tatu ikaingia sawasawa, Baba akatabasamu, na alipoivuta ikazunguka peke yake. Mnyororo wa baiskeli wa Komba ulikuwa umeshazilaza kingo za filta, hapakuwa na pa kung'ata. Ya mkanda nayo ikateleza. Muuzaji akamwonea Baba huruma. "Nenda Namungo machimboni, mzee. Yuko fundi anaitwa Kasto, anatengeneza injini za makarasha ya kusagia mawe. Yule ana spana ya mnyororo ya kweli."

Tulimkuta Kasto uwanjani. Siku hiyo Namungo nzima ilikuwa uwanjani kutazama mpira, makarasha yamezimwa, vumbi jeupe bado liko kwenye nyusi za watu. Kasto, mfupi, kifua wazi, alituambia bila kugeuza shingo kwamba hata injini ya waziri haiguswi kabla ya filimbi ya mwisho. Kwa hiyo tulisubiri kipindi chote cha pili, Baba ameegemea pikapu, mimi nimekaa juu ya boneti.

"Nimepata fundi," Baba akasema, kama anajisemea. "Kuanzia leo gari litakuja hapa."

"Ni mbali, Baba."

"Ni mbali. Lakini Komba kanidanganya macho makavu. Kukosea si kitu, mwanangu. Angeniambia nimekaza, ningemtukana tukamaliza. Kanidanganya." Alikuwa hana hasira. Alikuwa na huzuni, na mimi sikuwahi kumwona Baba na huzuni, kwa hiyo nilishindwa kuitambua. Nilidhani amechoka na safari. Nikafungua mdomo, "Baba, mimi..." Uwanja mzima ukalipuka kwa goli, watu wakatupita wakikimbia, na nilipofungua mdomo tena maneno hayakuwepo.

Kasto alikuja baada ya mechi, amefurahi, timu yake imeshinda. Spana yake ilikuwa mkono mzito wa chuma na mnyororo mfupi mwishoni. Akauzungusha kwenye filta, akavuta mara moja, mnyororo ukang'ata bati. Akavuta tena. Chini ya gari kukatoka mlio mkavu wa kupasuka, nikajua sasa imetoka. Akaja nayo juani, akaitazama mdomo, akakwaruza kwa ukucha.

"Mzee, hapa hapakukazwa," akasema. "Hapa pamegandishwa." Akanusa. "Haya ni mafuta ya korosho. Nani anapaka mafuta ya korosho kwenye filta?"

Baba akaichukua, akainusa, akafumba macho. Najua alichosikia puani. Alisikia jiko la mama yake Chinongwe.

"Komba hana hata mkorosho mmoja," akasema polepole. Kisha akanigeukia.

Nilimwonyesha dole gumba. Sikuwa na namna nyingine ya kuanza. Kovu la tone lile lilikuwa bado linaonekana. Nikasema yote kwa mkupuo, lori lililokufa, mfuniko wa chupa, jembe la bibi. "Sikutaka ilegee ukiwa porini," nikamwambia. "Nilitaka urudi nyumbani."

Nilisubiri kofi, na ningelipokea. Baba alikaa juu ya tairi bovu lililokuwa pale, filta mikononi, oili nyeusi inamdondokea kwenye suruali. "Wiki mbili," akasema hatimaye. "Wiki mbili nimemwita mwenzangu bwana." Kisha akaninyooshea mkono, akanivuta, akaniweka pajani na mikono yake michafu, jambo ambalo alikuwa ameliacha tangu nianze shule. Kasto alijifanya anahesabu spana zake.

Kasto akafunga filta mpya na kutia oili, lakini Baba hakuondoka Namungo bila spana ile. Kasto hakutaka kuiuza, na Baba alimbembeleza mpaka jua likaegemea upande. Tuliporudi Nachingwea hakupita nyumbani, alikwenda moja kwa moja gereji. Komba aliinuka akijifuta mikono. "Karibu, Mzee," akasema. Naye alikuwa ameshajifunza adabu.

Baba akaitupa spana miguuni pake. "Chukua, Mngoni. Babu zako walikuja na mikuki wakaua watu wazima, wewe umeshindwa kuua filta."

Komba aliinama akaiokota. Aliitazama spana, akamtazama Baba. Baba akanisukuma mbele taratibu, nikasema tena yote, mara hii nikilia. Komba akachutama, akashika dole gumba langu, akaligeuza kwenye mwanga.

"Mmwera," akasema bila kuniachia, "huyu mtoto ana akili kuliko ukoo wenu wote. Mmekaa na mafuta haya tangu enzi za mababu, mnayapaka majembe tu." Akacheka, halafu akaacha kucheka. "Ungenitukana siku ile. Ungenitukana hata kwa kunisingizia, ningejua bado tuko pamoja. Ule ubwana wako ulinikosesha usingizi."

"Nisamehe," Baba akasema.

"Ukiniomba msamaha tena nakutoa gereji."

Hilo ndilo nililokumbuka nimeshika kaunta. Lakini kwa Namungo peke yake nisingelia mbele ya kijana wa watu. Kilichoniliza kilitokea mlangoni kwetu, siku tulipomzika Baba.

Jeneza lilikuwa tayari, wanaume wameshaliinua, sisi wanawake tumesimama ndani, na Komba akaziba mlango. Mzee sasa, mgongo umepinda, mkononi ana spana ile ya mnyororo, chuma kimeng'aa kwa miaka ya kushikwa. "Huyu hatoki," akasema kwa sauti kubwa. "Nilikuja Jumatatu nikamtukana kitandani. Nilimwambia Wamwera wanajifanya wagonjwa wakiona jembe. Hakunijibu. Mimi na yeye hakuna aliyewahi kutukanwa asijibu. Hatoki mpaka anijibu." Kaka zangu wakampa shilingi kama watani wanavyopewa, akazitupa uani. Shekhe akatazama chini, anangoja, maana naye anajua mila. Komba akawa anapepesa macho juu ya vichwa vya watu, anatafuta mtu. Nikajua ananitafuta mimi, na nikajua hatanii. Kweli hakuweza kumwacha aende hivi hivi, kimya, kwa adabu.

Nikasogea mpaka mbele ya jeneza. Nikasema kwa sauti. "Toka mlangoni, Mngoni. Filta moja ilikushinda, mlango wetu utauweza?"

Watu wakacheka, hata mama akacheka ndani ya kanga yake. Komba alicheka huku machozi yanamtiririka, akashika mwimo wa mlango asianguke. Kisha akasogea pembeni, na Baba akapita.